Nukta Isiyo na Jina: namna ya kutambua chanzo cha eksirei kwenye Njia Nyeupe

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama ndani ya bahari upande wa Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei (X-ray) zinazotoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo maana mpaka leo ukipekua orodha za wanaastronomia utakutana na majina kama 4U 1956+35 au 4U 1820-30. Hiyo U ni ya Uhuru, na 4 ni toleo la nne la orodha yake, lenye vyanzo 339.

Vingi kati ya hivyo, vilipoonekana mara ya kwanza, vilikuwa nukta tu. Nukta inang'aa kwa eksirei, na hakuna anayejua ni kitu gani. Hali hiyo haijaisha. Orodha ya kwanza ya darubini ya eROSITA, iliyotolewa mwaka 2024 kwa nusu moja tu ya anga, ina vyanzo zaidi ya 900,000. Wingi wake ni galaksi za mbali, lakini vile vilivyomo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, bado vinahitaji mtu wa kukaa navyo kimoja kimoja.

Huyo mtu anaweza kuwa wewe. Hewa ya dunia huzuia eksirei, kwa hiyo hakuna aliye na darubini ya eksirei kwenye paa la nyumba yake, si profesa wala mwanafunzi. Wote tunategemea satelaiti, na data zake nyingi huwekwa wazi baada ya muda, kwa kawaida mwaka mmoja au pungufu. Ukiwa na laptop ya kawaida, bando la kutosha na fizikia ya kidato cha sita, unaweza kufika mbali. Nimeandika mwongozo huu kwa mtu wa namna hiyo.

Wajue watuhumiwa kwanza

Usianze kupakua chochote kabla hujajua unamtafuta nani. Ndani ya galaksi yetu, nukta ya eksirei karibu kila mara huwa mmoja kati ya hawa.

Kuna nyota ya kawaida yenye angahewa ya juu iliyochemka, kama Jua letu lakini yenye fujo zaidi. Hao ni wengi kama sisimizi, na ni dhaifu: erg (kipimo kidogo cha nishati) 10³¹ kwa sekunde ni nyingi kwao. (Kwa kulinganisha, mwanga wote wa Jua ni erg 3.8 × 10³³ kwa sekunde, na eksirei zake ni sehemu ndogo mno ya huo.) Kuna kibete cheupe, kiini kilichobaki cha nyota iliyokufa, kinachomnyonya gesi mwenzake anayezungukana naye, chenye erg 10³⁰ hadi 10³⁴. Kuna nyota ya nyutroni na shimo jeusi, mabaki mazito zaidi ya nyota kubwa zilizokufa, nao wakila gesi ya mwenzao hufika 10³⁶ hadi 10³⁸, ila wakiwa na njaa hushuka mpaka 10³² au chini ya hapo na kufanana na watu wa kawaida. Kuna magnetari, nyota ya nyutroni inayong'aa kwa nguvu ya usumaku wake bila kumla mtu. Mwisho yuko mgeni asiyehusika: galaksi ya mbali, yenye shimo jeusi kubwa katikati, iliyopita nyuma ya Njia Nyeupe na kujifanya mwenyeji.

Kila hatua hapa chini kazi yake ni kumwondoa mmoja au wawili. Ushahidi unaomtia mtu hatiani moja kwa moja ni mchache sana: mapigo, mlipuko wa aina fulani, na masi iliyopimwa. Mengine yote ni kupunguza orodha.

Hatua ya 1: Hakikisha kipo

Kamera za eksirei zina piseli mbovu zinazowaka zenyewe. Nyota angavu sana nayo inaweza kudanganya kamera kwa mwanga wake wa kawaida, ikaandikwa kana kwamba ni eksirei laini. Fungua picha kwenye programu ya DS9 au, kama bando ni la kubana, kwenye ESASky ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari tu. Tazama kama nukta ina umbo sawa na la vyanzo vingine walio jirani nayo, na kama iko mahali palepale kwenye picha ya siku nyingine.

Kisha peleka kuratibu zake (namba za mahali pake angani) kwenye hifadhidata za SIMBAD na VizieR. Chanzo kimoja huwa na majina mengi kuliko tapeli: Cygnus X-1 ndiyo hiyo hiyo 4U 1956+35, na nyota yake inaitwa HDE 226868. Si ajabu kugundua kuwa nukta yako "mpya" ilishaandikiwa makala kumi.

Hatua ya 2: Kiko wapi hasa?

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Satelaiti haikupi mahali, inakupa duara la shaka: chanzo kiko humu ndani, popote. Kwa satelaiti ya Chandra nusu kipenyo cha duara hilo huweza kuwa chini ya sekunde 1 ya tao (digrii moja ina sekunde 3,600 hizo). Kwa Swift ni sekunde 2 hadi 5 hivi. Kwa INTEGRAL, iliyofanya kazi mpaka 2025, ilikuwa dakika nzima za tao. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka upige hesabu.

Chukua eneo karibu na ukanda wa Njia Nyeupe lenye nyota 100,000 katika kila digrii moja ya mraba, idadi ambayo si kubwa kwa maeneo hayo. Digrii ya mraba ina sekunde za tao za mraba karibu milioni 13, kwa hiyo kila sekunde ya mraba ina nyota 0.0077 kwa wastani. Duara lenye nusu kipenyo cha sekunde 4 lina eneo la 50, nalo litabeba nyota 0.39. Maana yake, ukilitupa duara hilo popote angani hapo, hata pasipo na chanzo chochote, karibu mara 1 katika kila 3 litaangukia juu ya nyota. Sasa punguza mpaka sekunde 0.7: bahati hiyo inashuka hadi kama 1 katika 80. Mtu akikuambia "nimempata mwenzi wake, yuko ndani ya duara," muulize duara lina ukubwa gani kabla hujampongeza.

Kuna jambo lingine dogo linalosahaulika. Nyota hutembea. Kibete chekundu cha karibu kinaweza kusogea sekunde 0.2 kila mwaka. Kama eksirei zake zilipimwa na satelaiti ya ROSAT mwaka 1990 na wewe unatumia mahali pake mwaka 2016 kwa Gaia, satelaiti iliyopima mahali pa nyota, kimeshasogea sekunde 5 na huenda kimetoka nje ya duara. Rudisha nyota nyuma mpaka tarehe ya kipimo cha eksirei, kisha ndiyo ulinganishe.

Kisa cha Cygnus X-1 kinaonyesha uzito wa hatua hii. Kilionekana kwa roketi mwaka 1964, na Uhuru ikaonyesha kwamba mng'ao wake unarukaruka kwa sehemu ndogo za sekunde, yaani kitu chenyewe ni kidogo. Lakini duara la shaka lilikuwa pana mno. Ukombozi ulitoka kwenye redio: mwaka 1971 wanaastronomia nchini Marekani na Uholanzi waliona chanzo cha redio kikiwaka hapo hapo, na darubini za redio hupima mahali kwa usahihi mkubwa. Kidole kikaelekezwa kwa nyota moja ya buluu, HDE 226868, ambayo unaweza kuiona kwa darubini ndogo ya mikono miwili. Louise Webster na Paul Murdin wa Royal Greenwich Observatory, Uingereza, na Tom Bolton akiwa Toronto, waliipima na kukuta inazunguka na kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Bila mahali sahihi wasingejua waelekeze wapi.

Hatua ya 3: Umbali, kisha mng'ao

Mng'ao unaoupima ni wa usoni tu. Taa ya baiskeli iliyo karibu inaweza kuizidi taa ya lori lililo mbali. Kama umepata mwenzi wa kuaminika, tafuta paralaksi yake (jinsi nyota inavyoonekana kusogea Dunia inapozunguka Jua) kwenye data za Gaia, geuza kuwa umbali, kisha zidisha: mng'ao halisi = 4π × umbali² × mng'ao wa usoni.

Mfano. Mng'ao wa usoni ni erg 10⁻¹² kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde. Chanzo kikiwa umbali wa miakanuru 3,260, yaani kiloparseki 1, mng'ao halisi ni 1.2 × 10³². Hicho kinaweza kuwa kibete cheupe kwa raha zake. Kiweke katikati ya galaksi, kiloparseki 8, na mng'ao unapanda mara 64 mpaka 7.7 × 10³³. Nyota za kawaida karibu zote zimeshatoka kwenye orodha.

Lakini paralaksi ya 0.1 yenye kosa la 0.1 si umbali, ni dua. Ukikutana nayo, andika "umbali haujulikani" na uendelee.

Umbali ukikosekana kabisa bado una silaha moja: linganisha eksirei na mwanga wa kawaida wa mwenzi. Nyota yenye fujo kupita zote hutoa kama eksirei 1 kwa kila 1,000 ya nishati yake yote, na haivuki hapo isipokuwa kwa mlipuko wa muda mfupi. Uwiano huo hautegemei umbali hata kidogo. Chanzo chako kikivuka mpaka huo mara kumi au mia, nyota peke yake haiwezi kuwa jibu.

Hatua ya 4: Rangi ya eksirei

Gawa fotoni mafungu mawili kwa nishati yake: laini (0.5 hadi 2 keV, yaani maelfu ya elektroni-volti) na ngumu (2 hadi 7 keV). Toa laini kwenye ngumu, kisha gawa kwa jumla. Ukiwa na fotoni 90 laini na 10 ngumu unapata −0.8: huyo ana harufu ya nyota ya karibu, isiyo na vumbi mbele yake. Ukiwa na 5 laini na 45 ngumu unapata +0.8: ama chanzo chenyewe ni kikali, ama gesi imezila zile laini njiani.

Ukitaka spektra kamili (mgawanyo wa fotoni kwa nishati), tumia programu ya XSPEC, na uwe mnyenyekevu. Kwa fotoni 40 usijaribu modeli yenye vigezo vitano. Itakubali, na itakudanganya. Kwa fotoni chache tumia takwimu ya Cash badala ya kai mraba, maana kai mraba huhitaji fotoni za kutosha katika kila fungu.

Vitu viwili vya kutafuta. Cha kwanza ni gesi iliyo njiani. Spektra itakupa idadi ya atomi za hidrojeni katika kila sentimita ya mraba mpaka kwenye chanzo. Gawa idadi hiyo kwa 2.2 × 10²¹ upate makadirio ya vumbi, yaani mwanga wa mwenzi umefifishwa kwa madaraja mangapi (daraja moja ni kufifia kama mara 2.5). Kama eksirei zinasema madaraja 10 na nyota uliyomshuku imefifia kwa daraja 1 tu, umekamata mtu siye: amesimama mbele, mhalifu yuko nyuma. Au gesi hiyo imekizunguka chanzo chenyewe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa IGR J16318-4848, chanzo kipya cha kwanza cha INTEGRAL, kilichoonekana Januari 2003 kikiwa kimejifunika gesi nzito kiasi kwamba eksirei laini hazitoki kabisa.

Cha pili ni chuma. Mistari mitatu karibu karibu, kwenye 6.4, 6.7 na 6.97 keV, ikitokea pamoja kwenye spektra ngumu, mara nyingi ni sahihi ya kibete cheupe. Chuma baridi, chuma cha moto, chuma cha moto zaidi, vyote mahali pamoja. Unahitaji fotoni nyingi kuitenganisha, ila ukiipata umeokoa miezi.

Hatua ya 5: Saa

Hatua hii naipenda kuliko zote, na ndiyo iliyowahi kuniaibisha.

Kabla ya lolote, sahihisha muda wa kila fotoni kana kwamba ulipokelewa kwenye kitovu cha masi cha mfumo wa Jua. Dunia ikizunguka Jua, fotoni huwahi au kuchelewa kwa hadi dakika 8 na sekunde kadhaa kutegemea msimu. Usipofanya hivyo, mapigo ya mwezi wa tatu hayatapatana na ya mwezi wa tisa.

Kisha tafuta mapigo. Maktaba ya Stingray ya Python ni bure na inatosha. Kipindi utakachopata kinaelekeza vidole. Milisekunde: nyota ya nyutroni iliyozungushwa haraka na gesi ya mwenzake. Sekunde 2 hadi 12 bila dalili yoyote ya mwenzi: fikiria magnetari. Sekunde chache hadi mamia, pamoja na nyota kubwa ya buluu: nyota ya nyutroni inayokula upepo au pete ya gesi ya mwenzake. Mamia hadi maelfu ya sekunde, mng'ao ukiwa mdogo: kibete cheupe chenye usumaku. Hakuna kuta ngumu kati ya makundi haya, kwa hiyo usimhukumu mtu kwa kipindi peke yake.

Mapigo ya kweli yana faida nyingine: ni saa iliyofungwa juu ya kitu kinachozunguka. Uhuru ilipoitazama Centaurus X-3 ilikuta mapigo kila sekunde 4.8, na mapigo hayo yalikuwa yanawahi na kuchelewa kwa mpangilio wa siku 2.1. Kila siku 2.1 eksirei zilizimika pia kwa saa kadhaa, kisha zikarudi. Ilikuwa inapita nyuma ya mwenzake. Kabla hata ya kuiona nyota yenyewe, watu walishajua kuna wawili, mmoja mdogo sana na mmoja mkubwa.

Sasa aibu yangu. Niliwahi kukuta kipindi cha sekunde 707 kwenye data za Chandra, safi, nguvu yake juu kuliko kelele yote. Siku mbili nilitembea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, na rasimu ya barua kwa mhadhiri nilishaiandika. Halafu nikasoma kitabu cha maelekezo ya chombo. Chandra huyumbishwa makusudi wakati wa kupiga picha ili fotoni zisiangukie piseli moja, na kamera yake kuu huyumba kwa vipindi vya sekunde 707 na 1,000. Chanzo changu kilikuwa pembezoni mwa chipu, kikiingia na kutoka. Tangu hapo, kabla ya kuamini kipindi chochote, nauliza kwanza mambo matatu: je, ni kipindi cha chombo? Je, ni cha obiti ya satelaiti, ambayo kwa zile za karibu na dunia kama Swift ni zaidi kidogo ya dakika 90? Na je, nimejaribu masafa (frikwensi) mangapi? Ukijaribu masafa milioni moja, kelele tupu itakupa kilele cha "1 kwa milioni" bila kuombwa.

Zaidi ya mapigo, angalia milipuko. Mwaka 1975 satelaiti ya Uholanzi iitwayo ANS iliona 4U 1820-30, iliyo ndani ya kishada cha nyota NGC 6624, ikilipuka na kufifia kwa sekunde chache. Gesi ikimwagika juu ya nyota ya nyutroni hurundikana, hubanwa, kisha huwaka yote kwa mpigo kama bomu la nyuklia. Mwanga hupanda kwa sekunde moja au mbili, hushuka polepole, na unaposhuka rangi yake hupoa. Kupoa huko ndiko kunakohesabika. Ukikuona, funga faili ya shimo jeusi: shimo jeusi halina sakafu ya gesi kurundikana.

Kinyume chake hakifanyi kazi. Kutoona mapigo wala milipuko hakumfanyi mtu kuwa shimo jeusi. Circinus X-1, miaka ya 1970, ilimetameta kwa namna iliyofanana na Cygnus X-1, na ikatajwa kati ya mashimo meusi yanayoshukiwa. Miaka ya 1980 satelaiti ya EXOSAT ikaiona ikilipuka, na mwaka 2010 milipuko ikarudi. Ni nyota ya nyutroni, tena changa: umri wake hauzidi miaka 4,600.

Hatua ya 6: Mwenzi awekwe kizimbani

Mpaka hapa ungeweza kufanya yote ukiwa umekaa kitandani. Sasa unahitaji spektra ya mwanga wa kawaida, ama kutoka kwenye hifadhi, ama kwa kuomba muda kwenye darubini kubwa. Kwa anga la kusini, ambako katikati ya galaksi hupita juu, SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, yenye kioo cha mita 11 hivi, imefanya kazi nyingi za aina hii. Pale vumbi linapozidi, utalazimika kwenda kwenye infraredi.

Nyota nyekundu yenye hidrojeni inayong'aa na mistari mingine ya kawaida ya nyota ni nyota yenye fujo. Nyota ya buluu aina ya B yenye hidrojeni inayong'aa kwa nguvu ina pete ya gesi kiunoni, na mwenzake wa eksirei mara nyingi sana ni nyota ya nyutroni. Mstari wa heli kwenye angstromu 4,686 ukiwa unang'aa, ujue kuna kitu cha moto sana kinachomulika diski ya gesi. Mistari iliyosogezwa sana upande wa nyekundu? Pole. Ni galaksi ya mbali.

Kilele cha hatua hii ni masi. Pima kasi ya mwenzi anapokuja na anapoondoka, usiku baada ya usiku, mpaka upate kipindi cha obiti P kwa siku na nusu ya tofauti ya kasi, K, kwa kilomita kwa sekunde. Kwa obiti ya duara, kitu kisichoonekana lazima kiwe na masi inayozidi Jua mara 1.036 × 10⁻⁷ × P × K³.

Jaribu na V404 Cygni. Satelaiti ya Kijapani Ginga iliiona ikilipuka mwaka 1989, na ilipotulia watu walimpima mwenzi wake: P ni siku 6.47 na K ni kilomita 208 kwa sekunde. 208 × 208 × 208 ni karibu milioni 9. Zidisha kwa 6.47, kisha kwa ile namba ndogo, unapata kama 6. Sita! Nyota ya nyutroni haiwezi kubeba masi 3 za Jua bila kuporomoka. Na 6 ni kiwango cha chini kabisa, kabla hujajua obiti imeinama kiasi gani. Hakuna mapigo yaliyohitajika, wala milipuko. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1992, na kwa maoni yangu ndiyo ushahidi safi kuliko hata wa Cygnus X-1, kwa sababu haukutegemea kukisia masi ya nyota kubwa ya pembeni.

Hatua ya 7: Rudi tena mwakani

Kuna vyanzo vinavyobadili tabia. PSR J1023+0038 ilitangazwa mwaka 2002 kuwa kibete cheupe, kwa sababu spektra yake ilionyesha diski ya gesi. Baadaye diski ikatoweka, na mwaka 2007 darubini ya redio ikakuta mapigo ya milisekunde 1.69: ni pulsari, nyota ya nyutroni inayotoa mapigo. Juni 2013 mapigo ya redio yakazimika na diski ikarudi. Waliosema mwaka 2002 hawakuwa wazembe. Walipiga picha siku ambayo mhusika alikuwa amevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo jiwekee utaratibu wa kuangalia kurasa za MAXI (kamera ya eksirei kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga) na Swift, zinazochora mng'ao wa mamia ya vyanzo kila siku, na matangazo ya haraka ya wanaastronomia. Mlipuko mmoja unaweza kukupa fotoni nyingi kuliko miaka kumi ya utulivu.

Hatua ya 8: Andika ulichonacho, si ulichotaka

Kwenye faili lako weka safu tatu: aliyeondolewa na sababu yake, aliyebaki, na kipimo gani kingemwondoa. "Mgombea" ni neno la heshima, litumie. Kama umebaki na wawili, andika wawili.

Kuna kesi za kukufundisha subira hiyo. Katikati ya RCW 103, mabaki ya supanova (mlipuko wa nyota) yenye umri wa miaka kama 2,000, kuna nukta iitwayo 1E 161348-5055, iliyoonekana na satelaiti ya Einstein mwaka 1980. Mahali: safi. Mwenzi: hakuonekana. Mwaka 2006 satelaiti ya XMM-Newton ilitoa jibu la saa: kipindi cha saa 6.67. Hapo orodha ikagoma kupungua. Ama ni wawili wanaozungukana kila saa 6.67, ama ni nyota moja ya nyutroni inayojizungusha kwa uvivu usiowahi kuonekana, wakati wenzake wa umri huo hujizungusha kwa sehemu za sekunde au sekunde chache. Kwa miaka 10 majibu yote mawili yalikaa kwenye makala bila mshindi. Tarehe 22 Juni 2016 Swift ikakamata mlipuko mfupi wa milisekunde kutoka hapo, wa aina inayofanywa na magnetari. Ya mwenzi ikafungwa. Limebaki swali la breki: nini kiliipunguza mwendo kiasi hicho ndani ya miaka 2,000? Dhana inayopendwa ni kwamba baada ya supanova sehemu ya vifusi ilirudi, ikajipanga kuwa diski, na usumaku wa nyota ukaburuzana nayo. Kwenye safu yangu ya tatu, mbele ya jina hilo, nimeandika "diski, infraredi", na nafasi ya tarehe nimeiacha wazi.